Mimbari na Mahakama: Kiwelisi na Kibelarusi Tangu Mwaka 1588



Nilipotaja mada ya jioni hii, rafiki yangu mmoja aliniuliza, "Mwalimu, Kiwelisi na Kibelarusi vilikutana wapi?" Swali la haki. Lugha hizi hazijawahi kupakana. Moja ni ya Wales, ubavu wa magharibi wa kisiwa cha Uingereza. Nyingine ni ya Belarusi, nchi isiyo na bahari, iliyobanwa kati ya Polandi na Urusi. Kiwelisi ni lugha ya Kikelti, ndugu wa Kibretoni cha kaskazini-magharibi mwa Ufaransa. Kibelarusi ni lugha ya Kislavi, ndugu wa Kiukraini na Kirusi. Hata shukrani hawapeani wakaelewana: Mwelisi atasema *diolch*, Mbelarusi atasema *dziakuj*.

Nilimjibu kwamba zimekutana mara mbili. Mara ya kwanza ni mwaka 1588. Mara ya pili ni zama zetu hizi, ndani ya atlasi ya UNESCO ya lugha zilizo hatarini, ambamo zote mbili zimeandikwa kwenye daraja moja, daraja la lugha ambazo watoto bado wanazo ila zimeanza kubanwa. Kati ya miadi hiyo miwili ipo miaka zaidi ya 400, na katika miaka hiyo lugha hizi zilibadilishana viti. Iliyoanza ikiwa na dola iliipoteza dola. Iliyofukuzwa mahakamani ilirudi mahakamani. Jioni hii nataka tuulize kwa nini.

Vitabu viwili vya mwaka mmoja

Mwaka 1588 ilitoka London Biblia nzima kwa Kiwelisi, kazi ya kasisi William Morgan wa parokia ya Llanrhaeadr-ym-Mochnant. Mwaka huohuo, mjini Vilnius, kiwanda cha uchapaji cha akina Mamonich kilitoa kitabu cha sheria za Utemi Mkuu wa Lituanya, dola pana iliyoikumbatia Belarusi yote ya leo. Msimamizi wa kazi hiyo alikuwa Leŭ Sapieha, mmoja wa wakuu wa dola ile. Kitabu hakikuandikwa kwa Kilituanya, wala kwa Kilatini, wala kwa Kipolandi. Kiliandikwa kwa lugha ya Kislavi ya makarani wa nchi, ambayo wataalamu huiita Kirutheni, na ambayo Wabelarusi na Waukraini wote wawili huitaja kuwa babu yao.

Sasa tazameni jinsi mizani ilivyokaa siku ile. Huko Wales, sheria ya mwaka 1536 ilikuwa imekwisha kukifanya Kiingereza kuwa lugha ya mahakama, ikamzuia mtu wa Kiwelisi asishike ofisi ya serikali mpaka atumie Kiingereza. Huko Vilnius, sheria ilimwagiza karani wa mahakama aandike nyaraka kwa herufi na maneno ya Kirutheni, na Sapieha katika dibaji yake alijivunia kwamba watu wake wana sheria kwa lugha yao wenyewe. Hata katika uchapaji Mashariki ilitangulia: Francysk Skaryna, mzaliwa wa Polatsk, alianza kuchapa vitabu vyake vya Biblia mjini Prague mwaka 1517, kwa Kislavi cha kanisa kilichochanganyika na maneno ya kwao, ilhali kitabu cha kwanza cha Kiwelisi kilichapwa mwaka 1546. Mtu mwenye busara angeulizwa mwaka 1588 ni lugha ipi itakayosalia, angeonyesha kidole Mashariki bila kusita.

Angekosea, na kosa lake lingekuwa kudhani kwamba vitabu vyote husomwa na watu walewale.

Kitabu cha sheria kina msomaji mmoja, naye ni karani. Mwenye kesi husomewa. Karani naye ni mtu wa mshahara; lugha ya bwana ikibadilika, kalamu yake hubadilika nayo. Tafsiri ya Kipolandi ya kitabu kile ilichapwa mwaka 1614. Waungwana wa nchi wakazidi kuhamia Kipolandi, na mwaka 1696 ikaamuliwa rasmi kwamba hati za mahakama ziandikwe kwa Kipolandi. Jambo la kuwekea alama ni hili: sheria zenyewe ziliendelea kutumika katika nchi hiyo mpaka mwaka 1840, karibu nusu karne baada ya dola yenyewe kufutwa kwenye ramani. Sheria ilibaki, lugha ikatoka.

Biblia ya Morgan ilipata msomaji wa namna nyingine. Naomba nisiwafiche kwamba na yenyewe ilizaliwa kwa amri kutoka juu. Bunge la London liliagiza tafsiri hiyo mwaka 1563, likaagiza pia Biblia ya Kiingereza iwekwe kanisani kando yake, ili Wawelisi wazilinganishe na hatimaye wajifunze Kiingereza. Yaani walitengeneza daraja la kuwavusha watu, watu wakajenga nyumba juu ya daraja. Kila Jumapili kijiji kizima kilisikia Kiwelisi fasaha kutoka mimbarini. Mwaka 1630 likatoka toleo dogo la bei nafuu, la kuwekwa nyumbani. Karne moja baadaye, kuanzia miaka ya 1730, kasisi Griffith Jones akaanzisha shule za kuhamahama: mwalimu anakaa kijijini miezi mitatu hivi, aghalabu majira ya baridi kazi za shamba zikipungua, anafundisha wakubwa na watoto kusoma Biblia kwa Kiwelisi, kisha anahamia kijiji kingine. Kufikia kifo chake mwaka 1761, ripoti zake zilihesabu wanafunzi zaidi ya 150,000, katika nchi ambayo haikuwa na watu milioni moja.

Mkulima wa Belarusi hakuwa na mimbari ya namna hiyo. Akiwa Mkatoliki, mahubiri na sala za nyumbani zilikuwa za Kipolandi. Akiwa Mwothodoksi, ibada ilikuwa ya Kislavi cha kanisa, na baadaye mahubiri yakawa ya Kirusi. Lugha yake ilibaki ya ng'ombe, jembe na nyimbo za harusi. Ukimuuliza anazungumza nini, hujibu *pa-prostu*, yaani "kawaida tu". Ukimuuliza yeye ni nani, hujibu *tutejšy*, yaani "wa hapahapa". Kuna uzuri katika jibu hilo, na kuna hatari yake: mtu asiyeipa lugha yake jina, atapewa jina na mpitanjia. Wapolandi walisema ni Kipolandi kilichoharibika, Warusi wakasema ni Kirusi kilichoharibika. Wawelisi nao waliitwa na jirani zao kwa neno la kale la Kijerumani lenye maana ya "wageni", na ndilo lililozaa jina Wales. Wenyewe lakini walikuwa na jina lao, *Cymry*, lenye asili ya "watu wa nchi moja", na hawakuliachia.

Masikio ya Mswahili

Kabla sijaendelea na siasa, naomba tuzisikilize lugha zenyewe kidogo, maana sikio la Mswahili linazipokea kwa urahisi kuliko linavyodhaniwa.

Sisi tunasema *ulimi* mmoja, *ndimi* mbili. Mti ni mrefu, nyumba ni ndefu. Ubao mmoja, mbao nyingi. Mgeni anayetafuta neno *ndimi* kwenye kamusi atatafuta mpaka jua lizame, kwa sababu lazima ajue kwanza kwamba kichwa cha neno kimebadilika kwa kukutana na sauti ya puani. Kiwelisi kimelichukua jambo hilo kikalifanya desturi ya kila siku. Mji mkuu wa Wales ni *Caerdydd*. Ukienda huko unakwenda *i Gaerdydd*. Ukiwa ndani yake uko *yng Nghaerdydd*. Ukisema "na Caerdydd" unasema *a Chaerdydd*. Mji mmoja, vichwa vinne. Mwingereza huliona hilo kama maajabu. Mtoto wa Tanga hatashangaa sana, kwa kuwa naye anajua neno likikaa na jirani linavyobadili sura. Tena sauti yao ya *dd* ni ileile ya *dh* katika "dhahabu", na *th* yao ni ya "thelathini".

Jambo la pili. Kiwelisi hakina neno moja la "ndiyo". Ukiuliza kama kuna maziwa, *oes llaeth?*, unajibiwa *oes*, "kuna". Sisi tunayo "ndiyo", lakini hebu nenda dukani ukaulize, "Maziwa yapo?" Mwenye duka atajibu, "Yapo." Kitenzi kinajibiwa kwa kitenzi.

Kibelarusi nacho kina herufi moja ambayo wenyewe wanaipenda kama bendera. Ni *u* yenye kikombe juu yake: ў. Husomwa kama *w* yetu. Mjini Polatsk wameisimamishia mnara, mnara wa herufi moja tu! Kanuni yake ni hii: *u* ikifuata irabu, hupoteza usilabi wake ikawa *w*. "Alikuwa shuleni", tukimsema mwanamume, ni *jon byŭ u škole*. Tukimsema mwanamke ni *jana byla ŭ škole*, kwa sababu neno lililotangulia limeishia kwa irabu. Nasi *ku* ikigusa *enda* tunapata *kwenda*, na *mu* ikigusa *ana* tunapata *mwana*. Kanuni hazifanani moja kwa moja, ila ulegevu wa *u* mbele ya jirani tunaufahamu.

Na hapa pana udugu wa kweli ambao wengi wetu hatujausikia. Tangu karne ya 14 Watatari Waislamu walikaribishwa katika Utemi Mkuu wa Lituanya, wengi wao wakiwa wapiganaji. Baada ya vizazi kadhaa waliisahau lugha yao ya asili wakazungumza Kibelarusi kama majirani zao, ila dini hawakuiacha. Wakaanza kuandika Kibelarusi kwa herufi za Kiarabu, wakiongeza alama kwa sauti ambazo Kiarabu hakina. Vitabu hivyo vya mkono, vyenye visa vya mitume, maelekezo ya ibada na mawaidha, wanaviita *kitab*. Mtu wa Lamu au Unguja aliyeona tenzi za babu zake zilizoandikwa kwa hati ya Kiarabu hahitaji kuelezwa zaidi. Wakati karani wa Vilnius alipoiacha lugha ya nchi, fundi wa kunakili *kitab* kijijini aliendelea kuiandika, kwa sababu kina mama na watoto walihitaji kuelewa dini yao. Naye alikuwa na mimbari.

Mto na mteremko

Tofauti kubwa kati ya lugha hizi mbili ni umbali wa jirani. Kiwelisi na Kiingereza vimeachana sana. Hakuna mtu aliyewahi kusema Kiwelisi ni lahaja ya Kiingereza. Kutoka kimoja kwenda kingine ni kuvuka mto. Anayevuka anajua amelowa. Kutoka Kibelarusi kwenda Kirusi ni kushuka mteremko mpole: leo unabadili neno, kesho unabadili matamshi, keshokutwa umefika bondeni na hukumbuki ulipoanzia. Wahenga wametuambia: kikulacho ki nguoni mwako.

Katikati ya mteremko huo pana lugha ya watu wengi wa Belarusi, mchanganyiko unaoitwa *trasianka*. Neno hilo kwa asili ni chakula cha mifugo, nyasi kavu zilizochanganywa na mabua wakati malisho bora hayatoshi. Mwanakijiji aliyehamia Minsk kutafuta kazi kiwandani baada ya Vita Kuu ya Pili alijitahidi kusema Kirusi cha mjini, akakisema kwa mdomo wa kijijini. Vijana wa Nairobi wanachanganya lugha kwa majivuno, na Sheng ni sare yao. Trasianka ilizaliwa kwa aibu: ni sauti ya mtu anayejaribu kuificha lugha yake, nayo inachungulia.

Hata hivyo tusiupe umbali sifa usiyostahili. Kikorni, lugha ya Cornwall, ni ndugu wa damu wa Kiwelisi, nacho kiko mbali na Kiingereza vilevile. Hakikupata Biblia. Kufikia mwisho wa karne ya 18 hakikuwa tena na jamii inayokizungumza, na waliopo leo wanakifufua kutoka vitabuni. Mto peke yake haukukilinda.

Kibao shingoni, hati ya kodi mezani

Msije mkadhani Kiwelisi kilitembea juu ya zulia. Mwaka 1847 makamishna watatu waliotumwa kukagua elimu ya Wales, na hakuna hata mmoja aliyejua Kiwelisi, waliandika ripoti iliyoilaumu lugha hiyo kwa ujinga na hata kwa maadili mabaya ya watu wake. Wawelisi wanazikumbuka ripoti hizo mpaka leo kwa rangi ya majalada yake: usaliti wa vitabu vya buluu. Katika shule nyingi za karne ya 19 mtoto aliyeteleza akasema Kiwelisi alivishwa kibao shingoni. Alikivaa mpaka amnase mwenzake, akamvisha yeye, na aliyekutwa nacho jioni ndiye aliyechapwa. Waliosoma shule za Kenya na Uganda wanatabasamu, maana kibao hicho wamekivaa. Ngũgĩ wa Thiong'o ameandika juu yake. Ubaya wa kibao hicho haukuwa fimbo peke yake. Kilimfundisha mtoto kumvizia mwenzake kwa sababu ya lugha ya mama zao, na wazazi wengi walikubali, wakiamini ndiyo bei ya maendeleo.

Mwaka 1901 karibu nusu ya watu wa Wales walisema Kiwelisi. Mwaka 1961 walikuwa robo tu. Mshairi Dylan Thomas, aliyezaliwa Swansea mwaka 1914, alikuwa na baba na mama waliojua Kiwelisi, naye hawakumrithisha. Dunia ikapata mshairi mkubwa wa Kiingereza. Vivyo hivyo Belarusi ilipopata Tuzo ya Nobel ya fasihi mwaka 2015, mshindi, Svetlana Alexievich, alikuwa mwandishi wa Kirusi. Siwalaumu. Mwandishi huandika kwa lugha aliyoikuta mezani.

Basi twende kwenye meza moja. Mwaka 1952, katika kijiji cha Llangennech, eneo la migodi ya makaa ya mawe, mume na mke walioitwa Trefor na Eileen Beasley walipokea hati ya kodi ya halmashauri. Ilikuwa ya Kiingereza. Wengi wa wakazi walizungumza Kiwelisi, na madiwani pia. Wakaandika barua kuomba hati ya Kiwelisi, wakakataliwa. Wakakataa kulipa. Wakapelekwa mahakamani zaidi ya mara kumi, na madalali wa mahakama wakaingia nyumbani mwao wakabeba samani, piano ikiwamo. Walikuwa na watoto wadogo. Baada ya miaka minane, mwaka 1960, halmashauri ilitoa hati yenye lugha mbili.

Karatasi moja, miaka minane. Lakini ile karatasi ndiyo iliyompa mwandishi Saunders Lewis mfano wake alipotoa mhadhara katika redio ya BBC tarehe 13 Februari 1962. Alisema Kiwelisi kingekoma kuwa lugha hai mapema katika karne ya 21 mwelekeo ule ukiendelea. Aliwataka Wawelisi waifanye serikali ishindwe kuendesha shughuli zake bila Kiwelisi. Mwaka huohuo kikaundwa Chama cha Lugha ya Kiwelisi, na Februari 1963 vijana wakakaa chini kwenye daraja la Trefechan mjini Aberystwyth, wakazuia magari, wakidai hati za wito wa mahakama kwa Kiwelisi. Angalieni walichodai: hati za mahakama. Walirudi palepale ambapo sheria ya 1536 iliwafungia mlango.

Mengine yalifuata kwa mpangilio wa kudai na kupewa. Sheria ya lugha ya mwaka 1967. Chaneli ya televisheni ya Kiwelisi, S4C, mwaka 1982, baada ya mwanasiasa Gwynfor Evans kutishia kufunga kula mpaka afe. Sheria ya mwaka 1993. Hadhi ya lugha rasmi mwaka 2011. Kisha lengo la serikali ya Wales: wasemaji milioni moja ifikapo mwaka 2050.

Amri juu ya amri

Belarusi ilipewa zaidi ya hayo, tena kwa haraka. Mwamko wake ulikuwa wa kishujaa. Kastuś Kalinoŭski aliyechapa gazeti la siri la Kibelarusi kwa wakulima alinyongwa Vilnius mwaka 1864. Gazeti la *Naša Niva* lililoanza mwaka 1906 lilikuza kizazi cha washairi, wakiwemo Janka Kupala na Jakub Kolas, wote wawili wazaliwa wa mwaka 1882. Branisłaŭ Taraškievič alitoa sarufi yake mwaka 1918. Kisha utawala wa Kisovyeti, katika miaka ya 1920, ukaamuru Kibelarusi kitumike shuleni, ofisini na jeshini. Ndani ya miaka michache lugha ya *pa-prostu* ikawa lugha ya chuo kikuu na akademia.

Ndani ya miaka michache mingine, mkono uleule uliotoa ukanyang'anya. Mwaka 1933 tahajia ilirekebishwa kwa amri, ikasogezwa karibu na Kirusi. Usiku wa kuamkia tarehe 30 Oktoba 1937, mjini Minsk, waliuawa kwa risasi watu zaidi ya 100, wengi wao waandishi, wasomi na viongozi wa umma. Taraškievič mwenyewe aliuawa mwaka uliofuata. Wales ilivaa kibao shingoni. Belarusi ilipoteza kizazi kizima cha walimu wa walimu, kisha vita vya 1941 hadi 1944 vikachukua angalau mtu mmoja katika kila wanne au watano.

Amri ya tatu ilikuja Januari 1990: Kibelarusi kikawa lugha pekee ya dola. Shule zilifuata, na kwa miaka michache wengi wa watoto wa darasa la kwanza walianza kwa Kibelarusi. Mei 1995 rais Aljaksandr Lukašenka aliitisha kura ya maoni, na kwa takwimu rasmi asilimia 83 ya waliopiga kura walikubali Kirusi kiwe na hadhi sawa. Hadhi sawa kwenye karatasi, kati ya tembo na swala! Shule zikarudi kwenye Kirusi, na leo anayesoma kwa Kibelarusi ni kama mtoto mmoja katika kumi, wengi wao vijijini. Katika treni ya chini ya ardhi mjini Minsk, kwa miaka mingi sauti ya tangazo imekuwa ikionya kwa Kibelarusi kwamba milango inafungwa. Abiria wanasogea, milango inafungwa, nao wanaendelea na mazungumzo yao kwa Kirusi. Lugha imepewa kazi ya kutangaza, na haingoji kujibiwa.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosema Wabelarusi "hawakujitahidi". Walijitahidi. Jumuiya ya Lugha ya Kibelarusi, iliyobeba jina la Skaryna, iliundwa mwaka 1989, ikaendesha magazeti na kudai shule. Mwaka 2021 Mahakama Kuu ya nchi iliifuta. Familia ya Beasley ilinyang'anywa piano, ikabaki nyumbani na kuandika barua nyingine. Vijana wa Trefechan walikaa barabarani, jioni wakaenda kulala. Hakuna lugha inayoweza kudaiwa pale ambapo kudai ni kosa. Kwa hiyo ninaposema kwamba kilichotolewa kwa amri huondolewa kwa amri, sisemi watu wajitafutie wenyewe bila dola. Biblia ya 1588 ilikuwa amri, S4C ilikuwa sheria. Nasema kwamba kati ya amri ya kutoa na amri ya kunyang'anya lazima pawepo watu waliokwisha kuhamia ndani ya kile kilichotolewa, wenye nafasi ya kugoma kuhama. Wales ilipewa karne tatu na Biblia yake. Belarusi ilipewa miaka kumi mara ya kwanza, mitano mara ya pili.

Hesabu

Namalizia na sensa, ambayo watu huisoma harakaharaka. Sensa ya Wales ya mwaka 2021 ilipata wasemaji 538,000, asilimia 17.8. Hiyo ni pungufu ya asilimia 19 za mwaka 2011. Kwa hiyo mshindi wa mhadhara huu bado anapungua kwenye sensa, hasa kwenye vijiji ambako vijana wanahama kutafuta kazi na nyumba. Sensa ya Belarusi ya mwaka 2019 ilionyesha asilimia 54 wakisema Kibelarusi ndiyo lugha yao ya asili. Ukizilinganisha tarakimu hizo utasema Belarusi inaongoza mara tatu.

Lakini maswali si mamoja. Wales iliuliza, "Unaweza kusema?" Belarusi iliuliza mara mbili: lugha yako ya asili ni ipi, na nyumbani unazungumza ipi. Kwenye swali la pili asilimia 54 zilishuka zikawa 26. Ina maana zaidi ya robo ya nchi nzima ilikaa mbele ya karani wa sensa, ikasema kwamba lugha yake ni ile ambayo nyumbani haizungumzi.

Wapo wanaowacheka watu hao. Mimi siwacheki, kwa sababu nimewaona Wales. Mwaka 1962, mwaka uleule wa mhadhara wa redio, ilifunguliwa shule ya sekondari ya Kiwelisi ya Rhydfelen, katika mabonde ya makaa ya mawe ya kusini ambako Kiwelisi kilikuwa kimekwisha kukauka majumbani. Nyingine zikafuata. Shule hizo zilijazwa na watoto ambao wazazi wao walizungumza Kiingereza mezani, wazazi ambao bibi zao walikuwa na lugha na wao hawakuipata, wakaamua mtoto aipate. Wazazi wale wangehesabiwa siku ile, wangeangukia hasa kwenye lile pengo la kati ya 54 na 26. Walichokuwa nacho, ambacho mzazi wa Minsk hana leo, ni mlango wa shule wa kubisha hodi.